Nembo za Wanubi wa Kampala

Msikiti wa Taifa ulipofunguliwa mwaka 2008 juu ya kilima cha Old Kampala, ngome ya Kapteni Lugard wa Uingereza ilikuwa imekwisha kuondolewa mahali pake, na mabishano yote niliyoyasikia yalikuwa juu ya mawe na kuta, ilhali askari walioilinda, ambao aghalabu mashavu yao yalikuwa na chale tatu za wima, hawakutajwa.

Chale zile, ambazo kwa kufanana kwake na tarakimu 111 ziliitwa nchini Uganda kwa hesabu hiyo, ndizo nembo za Wanubi, yaani askari hao na vizazi vyao. Baganda, kwa ushahidi wa padri John Roscoe katika kitabu chake cha mwaka 1911, hawakuwa na desturi ya kuchanja miili yao. Kwa hiyo uso wenye chale mjini Kampala ulikuwa uso wa mgeni.

Kuhusu asili ya Wanubi hao, Lugard, ambaye ndiye ninayemfuata hapa, asimulia kwamba mwaka 1891 huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, alimkuta afisa Selim Bey pamoja na mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan. Selim Bey alikataa katakata kuondoka bila idhini ya Khedive wa Misri, kwa kuwa bendera aliyoiapia ilikuwa ni ile moja tu. Na baada ya mashauri marefu akaridhia kwa sharti kwamba Khedive aandikiwe. Watu zaidi ya 8,000, askari na wake zao na watoto na watumwa, wakafunga safari kumfuata Lugard. Miaka miwili baadaye Macdonald, afisa mwingine wa Uingereza, akimshuku Selim Bey kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda, alimkamata mzee huyo, naye ni mgonjwa, akamhamisha kuelekea pwani, akafia Naivasha. Nasema wazi kwamba hiyo ilikuwa dhulma.

Ukaja uasi wa askari hao mwaka 1897, kisha jeshi la King's African Rifles mwaka 1902. Kambini nembo ikapata hadhi, hata wakawapo vijana wa Kilugbara na Kikakwa waliosilimu, wakajifunza Kinubi, wakachanjwa mashavu ili wahesabiwe miongoni mwa Wanubi. Zama za Idi Amin chale zile, zikiwa nyusoni mwa askari wake, zilitisha. Na Kampala ilipotekwa Aprili 1979, wenye nazo waliwindwa kwa nyuso zao, wasiweze kuzificha, wengi wakakimbilia Sudan na Zaire.

Katiba ya 1995 iliwaandika Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Vijana wa Kampala leo huchora miilini mwao watakacho, ua au jina la mama, nami siwalaumu. Lakini wazee wenye nembo wangalipo wachache mjini Bombo na Kampala, na Jumba la Makumbusho la Uganda lingepaswa kuwapiga picha na kuandika hikaya zao wakiwa hai.