Uzi wa Matumbo na Uzi wa Nailoni

Kijana atakaye kununua gita lake la kwanza mara nyingi hutazama umbo na rangi, akasahau kuuliza habari ya nyuzi. Nami nilifanya vivyo hivyo nilipokuwa shuleni. Nilinunua gita kuukuu lililoundwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni, nikaiona sauti yake kuwa ya upole mno, nikalitia nyuzi za chuma ili livume. Majuma machache hayajapita, kile kibao kilichogundishwa chini ya tundu, ambacho nyuzi hufungwa kwacho, kiling'oka usiku kwa mshindo hata nyumba nzima ikaamka. Sababu yake naijua sasa. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma huweza kuvuta kwa kilo 70 na zaidi.

Wapigaji wa zamani hawakuijua nailoni. Katika karne ya 19 zile nyuzi tatu nyembamba za gita zilisokotwa kwa matumbo ya kondoo, na zile tatu nene zilikuwa za hariri iliyozungushiwa waya mwembamba. Udi nao, ambao watu wa pwani yetu waujua sana, ulikuwa na nyuzi za matumbo kabla ya nailoni kuja. Uzi wa utumbo una sauti tamu, lakini taabu zake ni nyingi: hunyonya unyevu, hulegea, huchakaa chini ya kucha, na huweza kukatika katikati ya wimbo mbele ya wasikilizaji. Andrés Segovia, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye alizunguka dunia akiliingiza gita katika majumba makubwa ya muziki, aliudhika nazo mno.

Nailoni iliundwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers, mtaalamu wa kampuni ya DuPont, na mwaka 1940 wanawake wa huko wakaanza kununua soksi zake ndefu. Mara vita vikaingia. Nailoni ikachukuliwa kwa miavuli ya askari wa angani. Na nyuzi za matumbo zikahitajiwa na waganga kwa kushonea majeraha. Wapiga gita wakabaki mikono mitupu. Hapo ndipo alipotokea Albert Augustine, fundi wa gita mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akikaa New York. Husimuliwa kwamba aliuona uzi wa nailoni katika duka la mabaki ya jeshi, akaujaribu, akaupenda. Husimuliwa pia kuwa wakuu wa kampuni walikuwa na shaka, wakidhani wapigaji hawataikubali sauti yake. Naye akawasikilizisha nyuzi za aina zote mbili bila kuwaambia ipi ni ipi, nao wakachagua nailoni. Segovia aliziunga mkono nyuzi hizo, na kabla ya miaka ya 1940 kwisha zilikuwa zikiuzwa madukani.

Gita lenyewe lilikwisha kupata umbo lake zamani. Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyefariki mwaka 1892, alilikuza tumbo lake na kuuimarisha ubao wa mbele kwa vijiti vilivyotandazwa kama upepeo. Na urefu wa uzi upigwao aliouzoea, milimita 650, ndio utumikao hata leo. Mwaka 1862 aliunda gita ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa, ili aonyeshe kwamba sauti hutoka hasa katika ubao wa mbele. Basi mnunuzi mwenye fedha kidogo na autazame ubao huo kwanza. Ukiwa ubao mzima wa mwerezi, au wa mti wa jamii ya msonobari, ni bora kuliko plaiwudi, hata kama mgongo ni wa plaiwudi.

Je, gita hili laweza kazi nyingi? João Gilberto wa Brazil alilitumia kwa bossa nova tangu mwaka 1958, na Willie Nelson wa Marekani amelipiga la aina hiyo tangu mwaka 1969, hata kipigio chake kimelitoboa tundu la pili. Lakini atakaye mlio mkavu wa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Kongo, mwaka 1952, huyo na anunue gita la nyuzi za chuma. Mwenye vidole vifupi na aupime upana wa shingo kule juu karibu na vigingi: kwa kawaida ni milimita 52, ila wako mafundi waundao shingo ya milimita 48 au 50.

Na nyuzi mpya za nailoni huendelea kurefuka kwa siku kadhaa. Asubuhi utalikuta gita limelegea, utalikaza. Jioni limelegea tena. Usimrudie mwenye duka kwa hasira kabla juma halijaisha.