JIRANI ANAPOTUMIA CHAKO BILA KUULIZA: FUNZO KUTOKA ULUGURU NA MADINA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Ta'ala. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Kuna malalamiko yanarudi kila mara kwa waumini, wake kwa waume. Jirani anaingia uani na kuchukua jembe, analirudisha likiwa na mpini uliovunjika. Anachota maji kwenye tenki lako ukiwa kazini. Anachuma parachichi zako. Anasogeza mpaka wa shamba tuta moja kila msimu. Ukisema, unaonekana mchoyo. Ukinyamaza, moyo unajaa kinyongo, na salamu ya asubuhi unaitoa kwa ulimi tu.

Leo, ndugu yangu, tuliangalie jambo hili kwa njia ya historia. Maana tatizo hili ni la zamani, na waliotutangulia waliliwekea utaratibu.

*KWANZA: WAZEE WA ULUGURU WALIJUA THAMANI YA KUULIZA*

Njoo nami Morogoro, pale Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Mto Mzinga unashuka kutoka milimani na kuingia katika bwawa la Mindu, pamoja na Ngerengere na mito mingine, na mji wa Morogoro unakunywa humo. Panda juu ya milima hiyo utaona ardhi yenyewe ni finyu, mashamba yamening'inia kwenye miteremko, na watu ni wengi. Mahali kama hapo huwezi kuishi bila kutumia cha mwenzako.

Waluguru ni watu wa upande wa mama. Ardhi kwa desturi yao ilikuwa ya ukoo, yaani lukolo, na msimamizi wake ni mkuu wa ukoo, mndewa. Sasa mtu wa ukoo mwingine akihitaji pa kulima alifanya nini? Alikwenda kuomba. Akipewa, alilima, na kila mwaka alitoa kitu kidogo kwa wenye ardhi, kinachoitwa *ngoto*.

Ngoto haikuwa kodi ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwa na maneno makubwa ndani yake: "Nakumbuka kwamba hapa si kwangu. Ulinipa, nami nakushukuru." Mwenye ardhi akiipokea, naye anakuwa amesema: "Nakutambua, endelea kulima kwa amani." Mwaka ukipita bila ngoto, hapo maswali yanaanza. Na aliyeazima hakupaswa kupanda miti ya kudumu ovyo, kwa sababu mti unaishi miaka mingi, na mwenye mti kesho atasema shamba ni lake.

Umeona hekima hiyo? Walijua kwamba hatari ya kutumia cha mwenzako ipo kwenye kusahau. Baba aliomba, mtoto akakuta baba analima, mjukuu akajua ni urithi. Siku mwenye ardhi anaposema "hii ni yetu", mjukuu anaona ananyang'anywa, na kwa moyo safi kabisa! Hapo ndipo panga linapotoka.

*PILI: MWENYE NGUVU ALIPOACHA KUULIZA*

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza iliona udongo wa Uluguru unasombwa na mvua na mito inajaa matope. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Ukaletwa mpango wa kuhifadhi ardhi, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Asiyechimba alikabiliwa na adhabu.

Nia ilikuwa kuokoa udongo. Lakini hawakuulizwa wenye udongo! Udongo wa juu kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi, unafukia udongo wenye rutuba na kuibua ule mkavu wa chini, mazao yanapungua. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia kina mama. Tena kwenye ardhi za koo, kila aliyeambiwa abadilishe sura ya shamba alijiuliza: kesho litakuwa la nani?

Manung'uniko yakakua mwaka hadi mwaka. Julai 1955, umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakaletwa, na mtu mmoja akauawa. Mwaka huohuo mpango wa kulazimisha matuta ukaachwa.

Zingatia, ndugu yangu. Hata jambo lenye manufaa, ukilifanya kwenye mali ya mtu bila ridhaa yake, linageuka kuwa dhulma machoni pake. Jirani anayesema "nimekata mti wako kwa sababu ulikuwa unaziba njia, nimekusaidia" anafanya kosa lilelile, ila kwa kipimo kidogo.

*TATU: MADINA NAKO WALIGOMBANA*

Wapo wanaodhani Masahaba hawakuwa na matatizo ya majirani. Walikuwa nayo, na ndiyo rehma kwetu, kwa sababu hukumu zimebaki.

Imepokewa na Abu Dawud kwamba mtu alipanda mitende katika ardhi ya mwenzake. Walipofika kwa Mtume (S.A.W.), aliamua kuwa ardhi ni ya mwenyewe, na aliyepanda akaamriwa aiondoe mitende yake. Mitende, ndugu zangu, mali ya thamani pale Madina! Mizizi haikumpa haki. Tazama jinsi hukumu hii inavyofanana na tahadhari ya wazee wa Uluguru kuhusu miti.

Na katika Hadithi ya Rafi' bin Khadij (R.A.), anayelima ardhi ya watu bila idhini yao hana chake katika mazao, ila anarudishiwa gharama alizotumia. Uadilifu wa pande mbili huo: mwenye ardhi hadhulumiwi, na jasho la mkosaji halidhulumiwi pia.

Sasa sikia kisa cha Safwan bin Umayya. Mwaka wa 8 Hijria, Makka imekwishafunguliwa. Mtume (S.A.W.) anaelekea Hunayn na anahitaji deraa za vita, na Safwan anazo. Wakati huo Safwan hajasilimu, na ni mtu wa upande ulioshindwa. Nani angemzuia Mtume kuzichukua? Lakini aliomba. Safwan akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Mtume akamjibu kuwa ni azima yenye dhamana. Baada ya vita baadhi zilipotea, na Mtume akataka kumlipa. Safwan akakataa malipo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwishabadilika kuuelekea Uislamu.

Subhanallah! Mshindi anamwomba aliyeshindwa, anaahidi kulipa, kisha anatimiza. Wewe unamchukulia Muislamu mwenzako ndoo bila kubisha hodi, unasema "si ndoo tu"?

*NNE: LAKINI MWENYE MALI NAYE ANA DENI*

Hapa wengi hawapendi kufika. Wanataka hadithi za kumkemea jirani, za kujikemea wenyewe wanazipita.

Soma Surat Al-Maa'un. Allah amewakemea wanaoswali huku wakizuia msaada mdogo mdogo, na wafasiri wengi, tangu zama za Masahaba, wametaja humo vyombo vya kuazimana: chungu, ndoo, shoka. Na katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumzuia jirani yake kupachika boriti kwenye ukuta wake.

Imamu Malik ameleta katika Muwatta kisa cha Dhahhak bin Khalifa. Alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Mwenye ardhi akakataa, ingawa mfereji ungemnufaisha na yeye bila kumdhuru. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimshurutisha akubali. Lakini angalia: Dhahhak aliomba kwanza. Alipokataliwa hakuchimba usiku, alikwenda kwa kiongozi.

Mwenye kuhitaji ni lazima aombe, na mwenye nacho asinyime kisichomdhuru. Ukiona majirani wanachukua bila kuuliza, jichunguze pia: je, walipokuwa wanauliza, uliwajibu vipi?

Tena si kila kuchukua bila kuuliza ni dhambi. Surat An-Nuur, aya ya 61, imeruhusu kula katika nyumba za jamaa na za rafiki, na wanachuoni wamesema ni pale unapojua wazi kwamba mwenyewe ameridhika. Kama wewe na jirani mmezoeana kuchotana chumvi, hiyo ni idhini ya mazoea. Mwenzako akionyesha kwamba hapendi, idhini hiyo imekwisha.

*TANO: UFANYE NINI SASA?*

1. *Sema naye mwenyewe, faragha, na mapema.* Usisubiri mara ya kumi, ukaja kumwaga hasira ya mara tisa. Sema: "Jirani, jembe langu ukilihitaji nigongee tu, nitakupa. Nisipokuwepo, muulize mama watoto." Hapo umempa njia ya halali na umefunga ya haramu.

2. *Weka wazi kilichochukuliwa.* Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kitu cha kuazima kina dhamana: kikiharibika kwa njia isiyokuwa ya matumizi yaliyoruhusiwa, mwaziamaji analipa. Na kama aliyeazima kwa ruhusa ana dhamana hiyo, aliyechukua bila ruhusa ndiye zaidi.

3. *Samehe kwa kutamka, au dai kwa kutamka.* Usimwambie "hamna shida" huku moyoni unamuandikia. Ukisamehe, sema "nimekusamehe", umtoe katika deni la Akhera. Ukitaka haki yako, idai kwa ulimi mzuri.

4. *Ya ardhi na maji, andikisheni.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukimpa mtu kipande alime, iwepo karatasi na mashahidi, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana madeni. Karatasi hiyo ndiyo ngoto ya zama zetu: inawakumbusha wajukuu ambao hawakuwepo.

5. *Akiendelea, shirikisha watu wa kati.* Mzee wa mtaa, imamu wa msikiti, mjumbe, kisha serikali ya mtaa au kijiji na baraza la kata. Kudai haki kwa njia hizo si uadui. Dhahhak alikwenda kwa Umar.

6. *Usikimbilie kumtangaza.* Najua mtaleta Hadithi ya mtu aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) atoe vyombo vyake njiani, watu wakauliza, wakamlaani jirani muovu, mpaka akaja kuomba yaishe. Ni kweli, ipo kwa Abu Dawud. Lakini mtu yule aliambiwa asubiri kwanza, mara mbili au tatu, na alikwenda kwa Mtume kabla ya kwenda barabarani. Sisi tunaanza na kumuweka jirani "status", watu mia mbili wanajua kabla yeye mwenyewe hajaambiwa. Utaratibu umegeuzwa miguu juu.

*MWISHO*

Ndugu yangu unayesoma, huenda na wewe ndiye jirani anayezungumzwa katika nyumba ya pili. Simama sasa hivi, tazama nyuma ya mlango na stoo. Ngazi ile ni ya nani? Sufuria lile? Kipande kile mnacholima tangu enzi za marehemu babu, nani alimpa? Rudisha, au nenda kaombe upya. Jirani ametajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, pamoja na wazazi na mayatima, na Jibril alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atapewa fungu katika mirathi. Mtu mwenye haki kubwa kiasi hicho, siku ya Kiyama usikutane naye ukiwa na jembe lake mkononi.

Ewe Mola wetu, tupe mioyo inayoomba kabla ya kuchukua, na mikono inayotoa kabla ya kuombwa. Wape majirani zetu kheri, na utujaalie tuwe kheri kwao. Amin.

Wallahu a'lam.

Mfikishie na jirani yako somo hili, lakini kwanza mpelekee salamu.