Kitanda cha Mfumi

Wasomaji wetu wengi huvaa nguo kila siku wala hawaulizi ilikotoka. Huenda dukani, hupima, hulipa, basi. Lakini zamani nchi hizi zilikuwa na nguo zake zenyewe, nasi twataka kueleza jinsi zilivyofumwa, jinsi kazi hiyo ilivyoachwa, na jinsi ilivyotafutwa tena siku ya dhiki.

Kazi hii ni ya kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hata Misri. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wameokota vigae vingi vya mviringo vilivyotobolewa katikati. Vilitiwa katika kijiti cha kusokotea uzi. Na huko bara, katika Ufipa na Unyamwezi, wanaume walifuma pamba ya nchi yao. Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, alichapisha mwaka 1860 picha ya iwanza, yaani nyumba ya mazungumzo ya wanaume, na kando yake vitanda vya mfumi.

Kitanda hicho kilisimamishwa hivi. Nguzo nne hupigwa ardhini katika pembe nne, na miti mirefu hufungwa juu yake. Kisha hutandwa mtande, yaani nyuzi za urefu, uzi baada ya uzi, sawasawa. Hapo ndipo penye taabu ya mwanafunzi. Uzi mmoja ukilegea na mwingine ukikazwa, nguo hupinda. Nyuzi mbili zikibadilishana mahali, kosa hilo hufuata nguo tangu mwanzo hata mwisho. Mtande ukiisha, nyuzi hutengwa kwa vibao vyembamba, moja juu, moja chini, ili pawe na njia. Mshindio, yaani uzi wa kukingama, huzungushwa katika kijiti, hupitishwa katika njia ile, kisha hupigwa kwa ubao mzito hata ushikamane. Atazamaye humwona mfumi akipitisha kijiti na kupiga, akadhani hiyo ndiyo kazi. Sivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda cha mfumi ni vivyo hivyo. Nasi tulipojaribu kutanda mara ya kwanza, tulifungua na kufunga tena mara tatu kabla ya kupitisha uzi mmoja wa mshindio.

Mbona basi kazi iliachwa? Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu zao zikaleta Unguja nguo nzito isiyopaushwa, iliyofumwa kwa mashine. Ndiyo iliyoitwa merikani. Zikaja na nguo za Uingereza na za Bombay. Mfumi mwenye kitanda kimoja hutumia siku nyingi kwa nguo moja. Atashindanaje na mashine kwa bei? Watu walinunua, vijana wakaacha kuketi karibu na wazee wao, na mikono ikasahau.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Manowari za Waingereza zikafunga pwani ya nchi iliyotawaliwa na Wadachi, ambayo sasa ni Tanzania bara, na nguo za ng'ambo zikawa adimu sana. Pamba ilikuwako, lakini pamba si nguo. Hapo misheni, na wanawake wa Kizungu, na wenyeji, wakaanza kusokota uzi kwa mkono, na vitanda vikaundwa upya. Jemadari von Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba nguo za askari zilitiwa rangi ya mti uitwao ndaa, rangi ya kahawia na manjano, isiyoonekana upesi nyasini.

Hatusemi kwamba mtu asinunue nguo dukani. Twasema kwamba ufundi huachwa kwa urahisi, na kurudi kwake ni kwa taabu. Nguo ya kale yaweza kutunzwa katika nyumba ya makumbusho, lakini haimfundishi mtu kutanda mtande. Maarifa hayo hukaa mikononi. Basi, kama kijijini mwako yuko mzee afinyangaye vyungu, au asukaye mikeka, au afuaye chuma, keti naye sasa. Wala usitazame tu jinsi anavyomaliza, bali utazame sana jinsi anavyoanza.