Kolera Kalemie: harufu ya javeli haimaanishi nyumba imekuwa safi

Ndani ya mji wa Kalemie, kolera si mgeni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa huu unarudi mara kwa mara kandokando ya Ziwa Tanganyika. Watu wengi wanateka maji ziwani ao mtoni Lukuga, palepale ambapo wengine wanaoga na kufua.

Mgonjwa akisha kupelekwa kwenye kituo cha matibabu, kazi inayobaki nyumbani ni ya familia, mara nyingi ya mama. Kuna matapishi chini, ndoo, kitanda, blanketi. Wengi wananunua javeli, wanaimwaga chumbani, harufu inajaa, basi mtu anasema: « Imekwisha, mikrobe imekufa. » Lakini harufu si kipimo. Klorini inapokutana na uchafu, inamalizikia kwenye uchafu wenyewe, na mikrobe inabaki chini yake. Ndiyo maana dawa ileile inafanya kazi vizuri juu ya meza iliyooshwa na karibu bure juu ya sakafu yenye matope.

Kwenye vituo vya kolera wanatumia nguvu tatu za klorini. Kwa klorini ya unga ya asilimia 70, ile nyepesi (asilimia 0.05) ni kijiko kimoja cha supu katika maji litri 20: ni ya mikono na nguo. Ya kati (asilimia 0.2) ni vijiko viwili katika litri 10: ni ya sakafu, vitanda na choo. Ile kali (asilimia 2) ni vijiko viwili katika litri moja tu: ni ya matapishi na kinyesi, haigusi ngozi. Hakuna hata moja ya kunywa. Javeli ya chupa ni hadithi nyingine, kwa sababu nguvu yake inatofautiana. Kama chupa imeandikwa digrii 12, kipimo kimoja katika vipimo 18 vya maji kinatoa takriban ile ya kati. Chupa isiyoandikwa kitu, iliyokaa juani sokoni, ni bahati nasibu: jua na joto vinakula klorini.

Kwa matapishi, mwaga kwanza ile kali, ngoja dakika 10, kisha ondoa na utupe ndani ya choo. Halafu osha mahali pale kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake ile ya kati na kuiacha ikiwa imelowa dakika 10 zingine. Kupangusa palepale ni kupoteza dawa. Ndoo ya mgonjwa inafuata njia hiyohiyo.

Nyumba nyingi za hapa zina sakafu ya udongo, na udongo nao unakula klorini kupita kiasi. Hapo, ukisha kumwaga ile kali na kungoja, kwangua ile tabaka ya juu iliyochafuka kwa jembe, uitupe ndani ya choo.

Maji yaliyochanganywa asubuhi yasitumiwe kesho yake. Yatengenezwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kwa sababu klorini inakula chuma. Vaa glavu, fungua madirisha. Na usichanganye javeli na siki ao dawa ya choo yenye asidi, hata kama jirani anasema inaongeza nguvu: unatoka mvuke unaoumiza mapafu.

Nguo na blanketi ndiyo sehemu ngumu zaidi, maana mazoea ni kwenda kufua ziwani. Nguo moja ya mgonjwa ikisuguliwa pale asubuhi, anayekuja na bidoni saa hiyohiyo anapeleka ugonjwa kwake nyumbani. Hata mtoto anayeogelea pembeni anayameza maji hayo. Nguo hizo zifuliwe nyumbani: ziloweshwe dakika 10 katika klorini nyepesi, kisha zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe na kuanikwa juani. Asiye na klorini azichemshe dakika 5. Maji yote ya kufulia yamwagwe ndani ya choo, si kwenye mtaro, kwa kuwa mvua ikinyesha mitaro inateremka ziwani.