Niagara na Biashara ya Kuwachuna Wageni

Katika karne ya 19 hapakuwa na mahali Amerika Kaskazini palipojulikana kwa kutapeli wageni kama Niagara. Maporomoko hayo yapo kwenye mto mfupi unaochukua maji ya Ziwa Erie na kuyamwaga Ziwa Ontario, mpakani mwa Marekani na Kanada. Kisiwa cha Goat kinaugawa mto pale pale ukingoni: upande mmoja yanaanguka Maporomoko ya Marekani, upande wa pili yanaanguka yale makubwa zaidi yaliyopinda kama kwato ya farasi. Maji yenyewe hakuna aliyeyamiliki. Ardhi ya kusimama na kuyatazama ndiyo iliyokuwa na wenyewe, na kila aliyekuwa na kipande chake kando ya genge alikuwa na kitu ambacho mgeni aliyesafiri siku nyingi asingeweza kukikataa.

Upande wa Marekani ardhi hiyo iliangukia mikononi mwa ukoo wa Porter. Mwaka 1816 ndugu wawili, Augustus na Peter Porter, walikipata Kisiwa cha Goat, na mwaka uliofuata wakajenga daraja la kukifikia. Barafu ya majira ya baridi ikalivunja, nao wakajenga jingine mwaka 1818 mahali palipokuwa salama zaidi. Kila aliyevuka alilipa ushuru. Akina Porter wanastahili kutendewa haki katika historia hii, kwa sababu ushuru wao ulijulikana mapema, haukubadilika kwa kuangalia mavazi ya mgeni, na waliouacha msitu wa kisiwani usimame ni wao hao. Pia waliwapa wanawake wa kabila la Watuscarora, ambao wanaume wao walipigana bega kwa bega na Peter Porter katika vita vya 1812, ruhusa ya kuuza kazi zao za shanga katika ardhi hiyo. Mgeni aliyenunua kwa wanawake hao alipata kitu halisi kutoka kwa mtu aliyekitengeneza, jambo ambalo miaka michache baadaye lilikuwa adimu Niagara.

Upande wa Kanada mambo yaliharibika mapema zaidi. Mwaka 1822 William Forsyth alijenga hoteli aliyoiita Pavilion juu ya kilima kinachotazama maporomoko makubwa. Mwaka 1827 akajenga uzio uliofunga njia ya kufika Table Rock, mwamba mpana uliotokeza juu ya genge na uliopendwa na wageni kuliko mahali pengine pote. Asiyelala kwake hakupita. Aliyeumia zaidi alikuwa John Brown, mwenye hoteli ya jirani. Lakini Forsyth alikuwa ameujenga uzio huo juu ya utepe wa ardhi wa futi 66 kando ya mto, ambao serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa imejiwekea kwa shughuli za kijeshi. Gavana alimtuma Kapteni Phillpotts wa kikosi cha wahandisi pamoja na askari wake, wakaung'oa uzio. Forsyth akausimamisha tena, ukang'olewa tena. Alikwenda mahakamani akashindwa, na kisa chake kikageuka hoja ya kisiasa dhidi ya utawala wa kijeshi. Wengi walimwona kama raia aliyeonewa na askari. Hata hivyo, amri ile iliyotekelezwa kibabe ilikuwa na msingi mmoja wa haki, nao haukukumbukwa tena kwa miaka hamsini: kwamba ukingo wa mto ule ni wa watu wote.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Forsyth na Brown waliweka ugomvi kando na kushirikiana na Parkhurst Whitney, mwenye hoteli wa upande wa Marekani. Walinunua merikebu kuukuu iliyoitwa Michigan, wakaijaza nyati, dubu na wanyama wengine, kisha wakaiachia iporomoke na maji mbele ya umati wa maelfu. Dubu waliruka kabla merikebu haijafika ukingoni na kuogelea hadi Kisiwa cha Goat, na wanyama wengine karibu wote wakaangamia. Vyumba vya hoteli vilijaa siku hiyo. Wenye biashara wakajifunza kwamba maji yasipotosha kuvuta watu, linaweza kutafutwa la kuongezea, hata liwe la kikatili.

Kilichokuza biashara hiyo kupita kiasi kilikuwa usafiri. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, reli kutoka Buffalo ikafika mwaka 1836, na mwaka 1855 likakamilika daraja la reli lililoning'inizwa juu ya korongo na mhandisi John Roebling. Safari iliyokuwa ya matajiri wachache ikawezekana kwa karani, mwalimu na maharusi wapya. Wageni hawa walikuja kwa siku moja au mbili, hawakuijua njia, hawakuzijua bei, na hawakutarajia kurudi. Muuza duka wa mtaani anayemwibia mteja kesho hampati tena, lakini mfanyabiashara wa Niagara hakuwa na hofu hiyo, kwani kila treni ilimshushia wateja wasiojua lolote.

Waliowapokea kituoni walikuwa waendesha magari ya farasi. Kwa kuwatazama tu mtu angedhani faida yao ilikuwa nauli. Nauli ilipandishwa, ni kweli, na vitabu vya mwongozo vya wakati huo viliwashauri wasafiri wakubaliane bei kabla ya kupanda. Lakini ushauri huo haukumkinga mtu, kwa sababu pato kubwa lilitoka kwingine. Hoteli, maduka ya kumbukumbu, minara ya kutazamia na majumba ya maonyesho yaliwalipa waendeshaji kamisheni kwa kila kichwa walicholeta. Mgeni aliyejipatia nauli nafuu na kujiona mjanja alipelekwa kwenye uwanja wa vita wa Lundy's Lane, akapandishwa mnara kwa malipo. Kisha alifikishwa kwenye chemchemi iliyowashwa moto kwa gesi iliyotoka ardhini, akalipa tena, na mwisho dukani, ambako bei ilikuwa tayari imebeba fungu la aliyemleta. Aliyekataa kusimama aliambiwa kwamba njia nyingine imefungwa au kwamba hapo ndipo pekee panapoonekana vizuri.

Kitovu cha mambo hayo kilikuwa utepe wa ardhi upande wa Kanada, kati ya Hoteli ya Clifton na Table Rock, ulioitwa Front. Hapo Thomas Barnett alikuwa na jumba la makumbusho aliloanzisha mwaka 1827, lenye wanyama waliokaushwa na maiti zilizohifadhiwa za Misri, na mwaka 1853 akapata mshindani, Saul Davis, aliyejenga Table Rock House karibu na pale mwamba maarufu ulipoporomoka mwaka 1850. Mbinu ya nyumba hiyo ilikuwa rahisi. Mgeni alikaribishwa kwa upole, akaonyeshwa mandhari bure, akavalishwa koti na suruali visivyopenya maji ili ashuke nyuma ya pazia la maji. Hakuna aliyetaja pesa. Aliporudi juu akiwa amelowa na nguo zake zimefungiwa ndani, alidaiwa malipo ya mavazi, ya kiongozi, na mengine yaliyozuka hapo hapo, na wanaume wenye miraba minne walisimama mlangoni hadi alipe. Watu wakaibandika nyumba hiyo jina la Pango la Wezi Arobaini. Uhasama kati ya Davis na Barnett ulifikia mwaka 1870 kumwaga damu, pale mtu wa upande wa Barnett alipouawa kwa risasi. Barnett, ambaye sifa yake ilikuwa njema kuliko ya jirani yake, alifilisika kabla muongo huo haujaisha, na makumbusho yake yakaenda kwa Davis.

Bidhaa nazo zilikuwa na hadithi zao. Vipande vya jasi viliuzwa kama ukungu wa maporomoko uliogeuka jiwe, na vito vingine vilivyosemwa kuwa vya Niagara vilichimbwa Derbyshire, Uingereza. Kwenye ncha ya Prospect, upande wa Marekani, mpiga picha Platt Babbitt alipata haki ya peke yake kuanzia mwaka 1853. Aliwapiga picha wageni waliosimama wakiduwaa bila wao kujua, kisha akawauzia. Kati ya ujanja wote wa Niagara huu ndio uliozaa kitu cha thamani, maana picha zile sasa zimetunzwa katika makumbusho makubwa.

Waandishi walilalamika kizazi baada ya kizazi. Isabella Bird aliandika juu ya usumbufu wa waendesha magari katika miaka ya 1850. Mark Twain aliwakejeli wauzaji wa vitu bandia mwaka 1869, na Henry James alihuzunishwa mwaka 1871 na vibanda vilivyouzunguka mto. Malalamiko hayo hayakubadilisha kitu. Mwaka uliofuata kampuni ya Prospect Park ilizungusha uzio kwenye ncha ile ile na kutoza kiingilio, na kufikia mwisho wa muongo huo hapakubaki mahali upande wa Marekani ambapo mtu angeweza kuyaona maporomoko kutoka nchi kavu bila kulipa.

Waliotambua mzizi wa tatizo walikuwa watu wachache. Mbunifu wa bustani Frederick Law Olmsted, aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York, alianza mwaka 1869 kujadiliana na marafiki zake kuhusu kuinunua ardhi yote ya ukingoni kwa niaba ya umma. Mchoraji Frederic Church, ambaye mchoro wake wa Niagara wa mwaka 1857 ulikuwa umempa umaarufu, alisaidia kulifikisha wazo hilo kwa Lord Dufferin, Gavana Mkuu wa Kanada, naye akalitangaza hadharani mwaka 1878. Ombi lililofuata lilisainiwa na mamia ya watu mashuhuri, wakiwemo Emerson, Longfellow, Carlyle na Ruskin. Gavana Cornell wa New York hakushawishika. Kwake maporomoko yalikuwa anasa, na hakuona ubaya wowote watu kulipia anasa. Hoja hiyo ilikuwa nyepesi, kwa kuwa kilichopingwa hakikuwa malipo bali mtu binafsi kufunga njia ya kuifikia kazi ya maumbile ambayo hakuitengeneza.

Mrithi wake, Grover Cleveland, alisaini mwaka 1883 sheria ya kuchagua ardhi ya kufanywa hifadhi ya umma. Wamiliki walidai takribani dola milioni 4, wakihesabu hata nguvu za maji ya mto, lakini wathamini walikataa kulipia maji na kiasi kikashuka hadi zaidi kidogo ya dola milioni 1.4. Gavana David Hill alitia saini malipo hayo Aprili 30, 1885, na Julai 15 milango ikafunguliwa bila kiingilio mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Majengo yapatayo 150 yaliondolewa, kikiwemo kiwanda cha karatasi kilichokuwa kwenye kisiwa kidogo karibu na daraja la Goat. Ndani ya hifadhi yaliwekwa magari yenye nauli moja iliyotangazwa, ambayo abiria aliweza kushuka na kupanda tena apendapo, na kamisheni za waendeshaji zikakosa pa kushikia.

Jimbo la Ontario, upande wa Kanada, lilifuata mkondo huo kwa njia yake. Kamishna Casimir Gzowski na wenzake waliinunua Front, Table Rock House ikatoka mikononi mwa Davis, na bustani ya Malkia Victoria ikafunguliwa Mei 24, 1888. Serikali iliikabidhi bustani bila fungu la kodi, kwa sharti kwamba ijitegemee. Ndiyo maana mavazi ya kushukia nyuma ya maji yaliendelea kukodishwa, safari hii kwa bei ya makamishna hao, na baadaye yakaja mapato ya reli ya umeme iliyopita ukingoni kuanzia mwaka 1893 na kodi za makampuni ya kuzalisha umeme.

Mipaka ya bustani hiyo haikuufikia mtaa wa Clifton Hill, unaopanda kutoka mtoni, nao ukabaki mikononi mwa watu binafsi. Leo una majumba ya sanamu za nta, nyumba za mizimu na michezo ya kulipia, hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha mawe cha ukingoni ambako mgeni anasimama kutwa nzima bila kutoa hata senti.