Tuuite Mchakamchaka

Rasimu moja ya kamati ya istilahi za afya iliyonifikia inataka tuseme "mazoezi ya kihewa". Nimeisoma kwa uchungu. Anayenyanyua vyuma naye si anavuta hewa?

Neno walilolitafsiri, "aerobic", lilibuniwa na Louis Pasteur mwaka 1863, kutokana na maneno ya Kigiriki ya hewa na uhai, naye alikuwa akivitaja vijidudu vinavyoishi kwa oksijeni. Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, ndiye aliyelitangaza kwa wafanya mazoezi katika kitabu chake cha 1968. Kamati imewavisha wakimbiaji wetu jina la bakteria.

Sisi tuna mchakamchaka. Ni neno la mlio: mna mchakacho wa nyayo ndani yake, na kule kujirudia, kama katika polepole na harakaharaka, kunabeba mwendo usiokatika. Shule zimelitumia, Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, limewakimbiza vijana kwalo. Vingunguti, Dar es Salaam, alfajiri za mwisho wa wiki, vikundi vya jogingi hupita vikielekea Barabara ya Nyerere, mmoja akiimbisha, wengine wakiitikia. Mtoto yeyote wa pale atakwambia huo ni mchakamchaka.

Na maana inatimia. Moyo unaosukuma damu lita 5 hivi kwa dakika mtu akiwa ametulia, hufikisha 20 au zaidi akikimbia. Akishika zoezi hilo kwa miezi, chumba cha chini cha kushoto cha moyo hutanuka, kila pigo hutoa damu nyingi zaidi, na mapigo ya wakati wa kupumzika hupungua. Misulini, vijishipa vya damu huongezeka. Vyuma vina kazi nyingine: hunenepesha nyuzi za misuli.

Msomi mmoja wa kamati, ninayemheshimu, alishikilia kwamba mchakamchaka ni kukimbia tu, hauwezi kubeba baiskeli wala kuogelea. Mbona mazoezi, yaliyotokana na kuzoea, leo yanabeba mpira, hisabati na kwaya? Nilimwandikia hoja hiyo, hakunijibu.

Kwa matumizi: mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mchakamchaka wa wastani kwa wiki, au 75 za mchakamchaka mkali, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Nanyi waandishi wa vitabu vya shule, msiisubiri kamati. Liandikeni.