Usaha au Saratani?

Machi 1845, fundi wa kuezeka mapaa mwenye umri wa miaka 28 alifariki Edinburgh, bandama imemvimba kupita kiasi. Daktari John Hughes Bennett alipoitazama damu yake kwa hadubini aliikuta imejaa chembe zisizo na rangi, akasema ni usaha. Mwaka huohuo, Berlin, Rudolf Virchow alikutana na hali kama hiyo kwa mpishi mmoja wa kike. Yeye habari ya usaha hakuikubali: aliiita damu nyeupe, na mwaka 1847 akaipa jina la lukemia.

Baadaye walizozana kuhusu nani alitangulia, jambo ambalo halikumponya mgonjwa yeyote. Swali zito lilikuwa jingine. Chembe nyeupe zikizidi, je, mwili unapigana na ugonjwa, au chembe zenyewe ndizo ugonjwa?

Hesabu peke yake haijibu. Mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Nimonia, majeraha ya moto, dawa za steroidi, hata ujauzito huzipandisha. Mwaka 1926 Edward Krumbhaar alieleza damu zinazofanana na za lukemia ilhali saratani haipo. Siku hizi hali hiyo hutajwa hasa hesabu inapovuka 50,000.

Msaada ulitoka kwenye rangi. Kuanzia miaka ya 1870, Paul Ehrlich alizipaka chembe rangi za viwandani, zikaanza kutofautiana. Ukitandaza tone la damu ya mwenye maambukizi makali kwenye kioo, utaona nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) nyingi zilizokomaa, zina punje nzito na mabaka ya buluu hafifu. Kwenye lukemia sugu ya uboho, chembe za kila umri zimechanganyika, changa kwa kongwe, na basofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zimeongezeka.

Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika lukemia hiyo. 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Maambukizi hayafanyi hivyo. Hata hivyo, ilibaki lukemia moja adimu ya nyutrofili zilizokomaa, isiyo na kromosomu hiyo, inayofanana mno na maambukizi. Madaktari waliitambua kwa kuondoa sababu nyingine zote, hadi mwaka 2013 ilipogundulika kwamba wengi wa wagonjwa wake wana hitilafu katika jeni ya CSF3R.